Kaka Aliyeoa kwa Ng'ombe wa Dada

Mwenyekiti wa kijiji alitupa nafasi ya kuzungumza alasiri, ng'ombe wengi walipokuwa wameshauzwa. Ilikuwa Desemba 2016, ndani ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, kwenye mnada wa mifugo wilayani Tarime. Mwaka ule ulikuwa wa tohara kwa Wakurya, na wanaharakati wengi walikuja kusema juu ya ukeketaji. Mimi na mwenzangu wa Tanga, wasaidizi wa kisheria wote wawili, tulikuja kusema juu ya mahari. Kwetu mambo hayo yalikuwa ya zizi moja: binti aliyekeketwa huposwa kwa ng'ombe wengi zaidi, na baba anayewahitaji hao ng'ombe hasubiri mtoto amalize shule.

Nilianza na sheria. Niliwaambia kwamba kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ndoa haiwi batili kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Mzee mmoja aliyekuwa mbele, fimbo imelala mabegani, akaniuliza, "Binti, baba yako alipokea wangapi?"

"Wanane, mzee."

"Basi na sisi tuache tupokee."

Mwenzangu akachukua kipaza sauti. Akaeleza kwamba kwao, kwa Waislamu wa pwani, mahari huyataja bibi harusi mwenyewe na yakishatolewa ni mali yake, baba hana fungu humo wala kaka hana. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Huko mnaweza kuoa kwa msahafu. Hapa ng'ombe ndio wanaosema watoto ni wa nani."

Hilo ni kweli, na anayetaka kupinga mahari Tarime lazima aijibu hoja hiyo. Mwanamume ambaye hakutoa ng'ombe, watoto wake huhesabiwa wa ukoo wa mama. Ndiyo maana hata mama mjane mwenye mali, asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe akaoa mke wa nyumba ntobhu, yaani ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ili boma lake lipate warithi.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akiuza ulezi pembeni akasema, bila kusubiri kipaza sauti. Alisema ng'ombe wake hawako kwa baba. Walikaa zizini kwa baba msimu mmoja tu, kaka yake akaoa nao. Mumewe anampiga. Akikimbilia kwao, baba humwuliza, "Nikamtoe wifi yako nyumbani kwake nirudishe wale ng'ombe?" Basi hurudi kwa mume. Akamalizia, "Sheria yako, mwanangu, inasema nini kuhusu wifi yangu?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mume mwenye haki ya kumpiga mkewe. Lakini mama huyu hakuuliza hilo. Alikuwa ameonyesha mahali penyewe panapobana: ng'ombe wa mahari hawalali zizi moja. Wanatoka kwa mume wa dada, wanaingia kwa baba, wanakwenda kwa baba wa wifi, na huko nako kuna kijana anayewasubiri aoe. Mwanamke mmoja akivunja ndoa, nyumba tatu zinatikisika, na wote hao wanamshika miguu asitoke.

Niliyaacha maandishi yangu nikasema juu ya kurudisha mahari tu. Niliwaeleza kwamba kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 bado zinayatambua madai hayo, lakini jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuyakataa. Shirika la MIFUMI, lenye asili yake Tororo, lilikwenda mahakamani, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe hawakuyafuta.

Kijana mmoja akapaza sauti: "Kama hayarudi, kwa nini nitoe?"

"Kwa sababu umempenda na unawaheshimu waliomlea," nikamwambia. "Kama unatoa ili urudishiwe, umekopesha." Nilisema kwa hasira, na naiona hasira ile ilistahili.

Kelele zilikuwa nyingi. Katika kelele hizo akaja mwanamume wa makamo, kofia mkononi, akasimama karibu yetu. "Mimi ndiye kaka wa namna hiyo," akasema. Alikuwa ameoa kwa ng'ombe wa dada yake, na dada huyo alikuwa amerudishwa kwa mume mara nyingi mno. Mkewe naye analijua deni. Wakigombana humwambia, "Mimi nimeolewa kwa machozi ya dada yako." Aliomba twende naye kwa baba yake.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Kaka alisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba dada yake akija asirudishwe, na ng'ombe wakidaiwa adaiwe yeye. Mtendaji wa kijiji aliandika. Baba alikataa kutia dole gumba, akisema hajawahi kuona mtoto akiandikiana na mzazi. Kaka akatia sahihi, na mkewe, ambaye hakuna aliyemwita, akaja kutoka jikoni akatia ya kwake chini ya ile ya mumewe.

Dada alikuja na watoto kabla ya mvua za masika. Shemeji alidai ng'ombe wote 12. Kaka alikwenda mwenyewe kuwajadili kwenye baraza la kata, nasi tukakaa nyuma yake, na tangu hapo kila mnada tuliokwenda tulianza kwa kuwaita makaka.