Jumamosi ya lenta

Baba alistaafu ualimu mwaka 2011. Kiinua mgongo chake kilipoingia benki, kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji, alinunua kaunta buku. Kiwanja alikuwa nacho miaka mingi, Kihonda, Morogoro, na muda wote huo tulikuwa tunaishi nyumba za shule au za kupanga. Sasa pesa imekuja kwa mkupuo, na mstaafu hapati mkupuo wa pili. Mtaani kwetu tuliwajua watu waliomkabidhi fundi pesa yote ya ufundi siku ya kuchimba msingi. Boma zao zilikuwa zimeota majani ndani, na mafundi wenyewe walikuwa saiti nyingine.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, kwa hiyo daftari likawa mikononi mwangu. Makubaliano yaliandikwa ukurasa wa kwanza, baba na fundi wakatia sahihi, mjumbe akashuhudia. Vifaa vyote vya kwetu, ufundi shilingi 2,400,000 hadi kozi za juu ya lenta, yaani mistari ya tofali inayokaa juu ya ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Kianzio 200,000 ili fundi alete watu na kufungua kazi. Jamvi, yaani sakafu ya zege, likishamwagwa, 800,000. Tofali zikifika usawa wa madirisha, 400,000. Lenta ikimwagwa, 500,000. Kozi za juu zikiisha, 300,000. Laki mbili zilizobaki zitakaa kwa baba mpaka fundi arudi kurekebisha chochote kitakachoonekana kina kasoro. Hapakuwa na tarehe hata moja mle. Baba alikataa tarehe tangu mwanzo. Mvua inaweza kunyesha wiki nzima, alisema, tarehe ikafika na ukuta haujapanda hata kozi moja. Alitaka pesa itoke kwa kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukitazama kwa macho.

Msingi ulikwenda vizuri. Jamvi likamwagwa, mama akalimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, tukalipa siku hiyohiyo ya kumwaga. Madirisha nayo hivyo hivyo.

Shida ikaja Jumamosi moja, kuta zikiwa zimefika kozi ya tisa. Fundi alikuja nyumbani mchana, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Habari za saiti?"

"Saiti nzuri. Nimekuja kwa ajili ya ile ya lenta."

Baba akaniangalia, nikafungua daftari. Lenta ikimwagwa, 500,000. Na lenta ilikuwa haijamwagwa.

"Mwalimu, najua tulivyoandika," fundi akasema kabla sijasoma. "Lakini mbao za kushikilia zege nimepiga nyumba nzima. Nondo zimesukwa zote. Mimi ningemwaga jana. Kokoto hazipo, na kokoto ni zako."

Ilikuwa kweli tupu. Lori la kokoto liliahidiwa Alhamisi, likaharibika njiani, na mwenye lori akawa anatuambia kesho, kesho. Vijana wa fundi walikuwa wamefanya kazi wiki nzima na walikuwa wamekaa juu ya fungu la mchanga wanasubiri. Wao hawalipwi kwa hatua. Wanalipwa kwa siku, na Jumamosi ndiyo siku wanayokwenda na pesa nyumbani. Wiki zote zile nilikuwa nimeliangalia daftari kama kitu kinachotulinda sisi tu. Nilipowaona wale vijana ndipo nilipoanza kuona upande wa pili: fundi amebeba madeni ya kila wiki mabegani, huku pesa yake yeye inakuja kwa hatua, na hatua yenyewe inaweza kukwama kwa sababu ya gurudumu la lori ambalo si lake.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Mtume amesema mlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hawa limekauka tangu jana."

"Sijakataa kulipa," baba akamjibu. "Nataka kujua nalipa nini."

Tukaenda saiti wote. Baba alikuwa na futi yake ya chuma na peni nyuma ya sikio, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Akapanda ngazi, akaanza kwenye kona ya sebule. Nondo nne za milimita 12, ringi kila baada ya sentimita 20, waya umekazwa vizuri. Akanitajia, nikaandika. Alipofika juu ya dirisha la chumba cha mbele akasimama, akaingiza vidole chini ya nondo. Havikupita. Nondo za chini zilikuwa zimelala moja kwa moja juu ya mbao.

"Fundi, hapa zege litapita wapi?"

Fundi akapanda, akatazama. Nondo ikilala juu ya ubao, ukija kuufungua ubao unaikuta iko nje, haina zege la kuifunika. Unyevu unaifikia, inaanza kuoza, na kutu ikivimba inalipasua zege kwa ndani. Dawa yake ni ndogo sana: vijiwe vya zege vya unene wa kama sentimita mbili na nusu, vinawekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga ili ziinuke. Kijana mmoja alitumwa kufanya hiyo kazi, akaishia njiani.

Hakuna aliyepandisha sauti. Fundi aliwaita vijana wake wawili, wakaanza kuinua nondo dirisha kwa dirisha na mlango kwa mlango. Na baba akakaa juu ya tofali na kuanza hesabu, fundi pembeni yake. Nadhani hapo ndipo nilipomheshimu baba kuliko siku zote. Angeweza kushikilia maandishi: lenta haijamwagwa, hakuna pesa, kwaheri. Sheria ilikuwa upande wake. Akauliza badala yake, "Katika hii laki tano, kupiga mbao na kusuka nondo ni kiasi gani, na kumwaga ni kiasi gani?" Fundi akasema mbao na nondo ndiyo kazi kubwa, kumwaga ni siku moja ya watu wengi. Wakavutana kidogo, wakakubaliana 300,000 kwa iliyofanyika na 200,000 kwa kumwaga.

Vijana wakamaliza kuinua nondo, baba akapanda tena na kupitisha vidole vyake kila mahali, kisha akahesabu pesa. Hakuwapa vijana. Alimpa fundi, na fundi akawagawia mwenyewe mbele yetu, kwa sababu wale ni watu wake, na mwenye nyumba akianza kuwalipa vijana kwa mkono wake, Jumatatu hawamsikilizi tena fundi wao. Fundi akatia sahihi daftarini: 300,000, sehemu ya lenta, mbao na nondo.

Kokoto zilifika Jumapili usiku. Jumatatu zege likamwagwa kwa ndoo, mfuko mmoja wa saruji kwa mchanga mara mbili na kokoto mara nne, foleni ya watu kutoka chini hadi juu ya ngazi, likaisha kabla jua halijazama. Zile 200,000 zikatoka jioni ileile. Mbao za ubavuni zilifunguliwa mapema, ila za chini ya madirisha na milango, pamoja na mirunda inayozishikilia, baba aliziacha wiki mbili kamili. Fundi alizitaka haraka kwa kazi ya mtu mwingine. Akaambiwa asubiri, akasubiri.

Kabla ya kuanza kupaua, fundi alikuja mwenyewe kuomba tukae tena na daftari. Alikuwa ameifikiria ile Jumamosi. Aliomba vitu viwili. Kwanza, hatua zikatwe ndogo: kenchi zinazobeba paa zikisimama, alipwe, papi za kupigilia bati zikipigwa zote, alipwe, bati na kofia za juu ya paa zikiisha, alipwe. Pili, kifaa cha mwenye nyumba kikichelewa, kazi iliyokwisha kufanyika ipimwe Jumamosi na ilipwe kwa kadiri yake, bila kusubiri hatua itimie. Baba akakubali yote mawili, naye akaongeza la kwake: hakuna hatua inayohesabiwa imeisha kabla yeye au mimi hatujaikagua fundi akiwepo.

Niliyaandika hayo kwenye ukurasa mpya na kuwasomea kwa sauti. Mama akauliza kama mbao za kenchi zimeshalipiwa, maana hakutaka kusikia tena habari za lori. Zilikuwa zimelipiwa, zimeshushwa tangu asubuhi, ziko barazani.