Jumamosi Ni Tatu Tu

Kabla hujamkubalia mtu yeyote mwaliko wa Desemba, fungua kalenda uhesabu. Krismasi ikiangukia Jumapili, Jumatatu au Jumanne, mwezi una Jumamosi nne kabla ya tarehe 25. Ikiangukia siku nyingine yoyote, ni tatu tu. Mwaka 2026 ni Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi ni tarehe 5, 12 na 19, basi. Mwaka 2027 ni Jumamosi yenyewe na hesabu inabaki tatu. Hadi 2028, Krismasi ikiwa Jumatatu, ndipo ya nne inapatikana. Kanisani wanahesabu kivyao: Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, hivyo Jumapili zake ni nne kila mwaka, lakini urefu wake hucheza kati ya siku 22 na 28. Ukiwa mwanakwaya, jihadhari na miaka kama 2023 na 2028, ambapo Jumapili ya nne ndiyo mkesha wenyewe: unaimba asubuhi, unaimba tena usiku.

Jumamosi tatu, na wanaozitaka ni wengi. Kazini wana hafla yao, shuleni wana yao, kuna harusi, kuna kitchen party ya binamu, kuna shangazi ambaye hajakuona tangu Pasaka. Kosa la kawaida ni kuzichukulia Jumamosi jioni kama ndizo saa pekee za kukutana. Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja ni muda mzuri kuliko wote kwa familia na majirani: watu wameshatoka ibadani, watoto hawajachoka, na kesho yake ni kazi, kwa hiyo hakuna anayeganda kwenye kiti mpaka usiku wa manane. Jumamosi asubuhi nayo haina mgombaniaji. Chai ya saa nne asubuhi, watu sita, muda wa saa mbili umetosha.

Halafu kuna mwaliko wenyewe. Wiki tatu kabla zinatosha. Wiki moja kabla unakuta watu wameshatoa siku zao kwingine. Ujumbe uwe na siku pamoja na tarehe (zote mbili, maana moja ikikosewa nyingine inaokoa), saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kama watoto wanakuja, na mtu aje na nini. Saa iandike kwa maneno: "saa nane mchana", si "saa 8". Mtu anayeingiza "8" kwenye kalenda ya simu anaipa saa mbili asubuhi bila kujua, au mwingine anasoma "14:00" anaielewa vibaya, na siku ya siku unapigiwa simu ukiwa bado na taulo kichwani: "Tupo getini." Saa ya kula pia hujieleza kwa saa ya kualika. Ukisema saa saba mchana au saa moja jioni, umeahidi chakula kizito. Ukisema saa tisa alasiri, umeahidi chai na vitafunwa. Ukitaka kuwapa vitafunwa watu uliowaita saa moja jioni, sema mapema, la sivyo sahani zitakwisha kabla hujakaa.

Majibu nayo yanahitaji kusomwa. "Nitakuja" ni ndiyo. "Nitajitahidi" mara nyingi ni hapana yenye adabu. "Inshallah" na "Mungu akipenda" hutegemea mwenyewe; umjue mtu wako. Aliyenyamaza kwenye grupu la WhatsApp usimhesabu kabisa, mwandikie pembeni. Watu hawapendi kukataa mbele ya wengine, lakini wakiulizwa peke yao wanajibu ndani ya dakika tano.

Sasa zawadi za siri, mchezo ambao kila kikundi huuharibu kwa njia ileile. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, yanatiwa kwenye kofia, kila mtu anachomoa jina la atakayempa zawadi. Tatizo ni la hesabu wala si la bahati mbaya: kikundi kikiwa na watu wanane, kumi au thelathini, uwezekano wa angalau mtu mmoja kuchomoa jina lake mwenyewe ni kama asilimia 63. Yaani mara nyingi zaidi mchezo unakwama kuliko unavyofanikiwa. Anayejipata anarudisha karatasi, anachomoa nyingine, na mara nyingine wa mwisho kabisa ndiye anayebaki na jina lake, kofia iko tupu, inabidi kuanza upya.

Kuna njia isiyokwama, na hata mwandaaji haujui mpangilio. Mko kumi, kata kadi kumi za karatasi ngumu. Kadi ya kwanza andika juu "Wewe ni 1" na chini "Unampa 1". Ya pili "Wewe ni 2" juu, "Unampa 2" chini, hivyo hivyo hadi kumi. Zilaze kifudifudi, vichwa vyote vikielekea upande mmoja, zichanganye, zipange mstari. Bila kuzifunua, kata kila kadi katikati, kisha sogeza vipande vyote vya chini nafasi moja kulia. Kile kinachobaki nje mwishoni kirudishe mwanzo wa mstari. Sasa kila kipande cha juu kimekaa na kipande cha chini ambacho si chake. Vibane viwili viwili kwa stepla, kila mtu achukue jozi moja. Bandika ukutani karatasi yenye namba 1 hadi 10, kila mmoja aandike jina lake mbele ya namba yake ya "Wewe ni", kisha atazame kimyakimya jina lililo mbele ya namba yake ya "Unampa". Hakuna anayeweza kujipata, na hakuna anayejua nani kampata nani.

Inaharibika kwa mambo mawili. Karatasi nyepesi inaonyesha maandishi kwa nyuma, na kadi moja ikilala kichwa chini, utakuta mtu ana "Wewe ni" mbili na mwenzake hana hata moja. Pia haizuii mume kumpata mkewe. Ikiwa hilo linawakera, changanyeni tena. Kiwango cha zawadi kiwe na mwisho wa juu na mwisho wa chini. Wengi huweka wa juu tu, halafu mmoja analeta kitu cha maana na mwingine analeta kalamu.

Siku yenyewe, kinachoisha kwanza si chakula, ni barafu. Kadiria nusu kilo kwa kila mtu kwa ajili ya glasi peke yake, na kiasi kingine kama hicho ikiwa chupa nazo zinapozwa humo humo. Watu ishirini, kwa yote mawili, ni kilo ishirini, na friza ya nyumbani haitengenezi kiasi hicho kwa siku moja, kwa hiyo ama unanunua au unaanza kugandisha siku nne kabla na kuhifadhi kwenye mifuko. Chupa zisipozwe kwa barafu isiyo na maji. Jaza beseni barafu, halafu mimina maji mpaka yafike shingoni mwa chupa. Barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache, katikati kuna hewa. Maji yanaikumbatia chupa nzima. Soda iliyokuwa na joto la chumbani inapoa vizuri ndani ya nusu saa, wakati kwenye friji ingechukua saa kadhaa. Konzi mbili za chumvi zinashusha joto la maji chini ya sifuri na kuharakisha zaidi, ila usisahau chupa za kioo humo muda mrefu.

Vinywaji vyenyewe: glasi mbili kwa mtu saa ya kwanza, moja kwa kila saa inayofuata. Hafla ya muda wa saa tatu ni glasi nne, na glasi ya mililita 250 inafanya lita moja kwa kichwa. Theluthi yake iwe maji. Kwa wanaokunywa pombe na wana usukani wa kushika, hesabu ni ngumu kidogo kuliko watu wanavyopenda: chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa mbili zinahitaji muda wa saa nne mpaka sita kuisha mwilini. Kahawa nyeusi haipunguzi hata dakika moja; inampa mlevi macho makavu tu.

Kama kila mtu anakuja na sahani yake, usiseme "njoo na chochote". Chochote kikialikwa huja keki sita na wali hakuna. Gawa kwa aina na kwa kiasi: wewe wali wa watu kumi, wewe mboga za majani za watu kumi, wewe matunda. Mchele ni gramu 75 hadi 80 kwa mtu ukiwa kando ya vitu vingine, na ukiiva unakaribia kuwa mara tatu kwa uzito. Kilo moja inahudumia watu kumi na wawili kwa raha. Nyama isiyo na mfupa, gramu 150 hadi 200 mbichi kwa mtu. Anayepika sufuria kubwa kuliko alivyozoea azidishe viungo vya msingi, lakini chumvi na pilipili aanze na mara moja na nusu aonje, asikurupuke kutia mara mbili. Na muda hauzidishwi. Sufuria ikijaa, kuchemka ndiko kunachelewa, kuiva kukishaanza huchukua muda uleule au zaidi kidogo tu.

Chakula kikipikwa usiku wa kuamkia hafla, hatari iko kwenye kupoa. Sufuria la lita kumi likiwekwa juu ya kaunta na mfuniko wake, katikati linabaki vuguvugu hadi asubuhi, na vuguvugu ndipo bakteria hujenga nyumba. Wali ndio msumbufu zaidi, maana mbegu za bakteria wake hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukipoa polepole, na sumu wanayotoa haiondoki hata ukipasha tena. Mimina chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita tano, na kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Mezani nako ni saa mbili zilezile. Baada ya hapo kinatupwa.

Viti ni kwa theluthi mbili ya wageni, si kwa wote, ikiwa mnakula kwa mikono na sahani ndogo. Kila mtu akipata kiti, kila mtu anakaa, na wifi mpya aliyeletwa leo anabaki pembeni ya mtu mmoja jioni nzima. Lakini wazee wapate vyao kwanza, tena visivyo kwenye njia ya kwenda chooni. Meza ya vinywaji iwe mbali na ya chakula, na zote mbili mbali na mlango. Zikikaa pamoja, ukumbi mzima hujaa pembe moja na pembe nyingine ziko tupu. Watoto walishwe nusu saa kabla ya watu wazima; mtoto mwenye njaa hasubiri hotuba ya baba mkubwa.

Kumaliza ni kazi kuliko kuanza. Nusu saa kabla ya saa uliyoandika, punguza muziki badala ya kuuzima, acha kujaza glasi, leta vyombo vya kufungia mabaki. Vyombo ndivyo vinavyosema bila kumkwaza mtu: anayefungiwa chakula cha kwenda nacho anajua anaaga. Kuagana mlangoni huchukua dakika ishirini hata kwa watu kumi, kwa hiyo anza na mwenye safari ndefu kuliko wote; wengine humfuata.

Wikendi ya mwisho usimkubalie mtu. Kwa 2026 ni tarehe 19 na 20. Hiyo ni ya kusafisha friji ili kuwe na nafasi, na ya kufunga zawadi. Karatasi ya kufungia hupotea kwa kukisia; pima boksi. La sentimita 30 kwa 20 kwa 10 linahitaji mzunguko wa 20 na 10 mara mbili, yaani 60, ongeza 3 za kupishanisha: 63. Upande wa pili ni urefu 30, ongeza kimo 10 na 2 za ziada: 42. Ukiacha zaidi ya hapo pembeni, mikunjo inavimba na gundi haishiki.

Na kama kuna kuku mkubwa au bata mzinga mzima kwenye friza, huyo anayeyuka ndani ya friji kwa kasi ya saa 24 kwa kila kilo mbili hadi mbili na nusu. Mwenye kilo tano, wa kuliwa Ijumaa ya Krismasi 2026, atolewe Jumanne jioni, awekwe kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee chochote. Alhamisi usiku mbonyeze ndani ya tumbo: ukikuta bado kuna barafu, mtumbukize kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ubadilishe maji kila baada ya nusu saa.