Kupunga upepo: usiku wa peke yako kwenye meli ya Pemba

Saa nne kasorobo usiku, bandari ya Malindi, mjini Unguja. Chini wanamalizia kupakia magunia, magodoro yaliyofungwa kamba, na pikipiki zilizoegemezwa ukutani. Juu, sitaha imeshageuka ukumbi. Mikeka imetandikwa, vyakula vimefunguliwa, watoto wanakimbizana kati ya viti. Kwa mtu wa kimya, hapa ndipo moyo unapoingia baridi: usiku mzima na mamia ya watu, na kila mmoja ana "u hali gani" yake.

Lakini meli ni kubwa kuliko inavyoonekana kutoka kitini. MV Mapinduzi II, iliyozinduliwa Januari 2016, ilijengwa kwa abiria 1,200, na meli ya namna hiyo ina pembe nyingi ambazo baada ya saa sita usiku hazina mtu. Kazi ni kuzijua, na kujua namna ya kuondoka kwenye mkeka bila kumvunjia mtu heshima.

Faragha ya kwenye meli ya Pemba haipatikani kwa kununa. Anayejikunja na simu yake tangu Malindi huulizwa kama anaumwa, kisha hupewa tangawizi, kisha hadithi. Hupatikana kwa kuitoa salamu mapema na kuitoa kamili. Shikamoo kwa wakubwa, salamu alekum kwa waliokuzunguka, uliza wanakoshukia na watu wao, onja ulichokaribishwa japo tonge moja. Dakika kumi zinatosha. Halafu useme: "Bibi, niangalizie mkoba wangu, nakwenda kupunga upepo." Neno hilo halina swali la pili. Kupunga upepo ni haja inayoeleweka na kila mtu visiwani, na bibi uliyemsalimia vizuri atakulindia mkoba, na nafasi yako kwenye mkeka pia. Mwanamke anayesafiri peke yake afanye hivyo zaidi: atandike karibu na familia, na amwambie mtu anakwenda upande gani.

Kabla ya kuzurura, kuna kazi ya dakika tano ambayo naiona ni ya lazima. Tafuta majaketi ya kuokolea yako wapi, chini ya viti au kwenye masanduku ya sitahani, ushike moja kwa mkono uone kamba zake zinafungwaje. Halafu tembea kutoka kitini hadi mlango wa nje ukihesabu safu za viti kwa kuzigusa, maana taa zikizimika macho hayatakusaidia. Rudia kwa mlango wa pili. Milio saba mifupi ya honi ikifuatiwa na mmoja mrefu ni ya hatari: hapo hakuna kurudi kuchukua mzigo. Njia hii ya Pemba ndiyo aliyopita Spice Islander I, meli ya abiria, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, akiwa amejaza kupita kiasi, akazama kwenye mkondo wa Nungwi. Hakuna nyumba nyingi Pemba zisizojua jina la mtu aliyekuwamo. Ukiona meli imejaa hata njia za kutokea zimezibwa na mizigo, shuka kabla haijafungua kamba.

Viatu viwe vya mpira wenye meno. Malapa hayafai: chumvi ikishalowesha ngazi za chuma, zinateleza kama sabuni. Shuka ngazi umeielekea, mgongo nje, na mkono usiachie reli.

Saa mbili za mwanzo zina kelele, usizipiganie. Televisheni inaunguruma, kantini ina foleni ya chai. Kaa na watu. Meli inapanda na pwani ya magharibi ya Unguja, taa za Bububu zikirudi nyuma, kisha Mangapwani, kisha giza la Tumbatu. Bahari hapa ni tulivu kwa sababu kisiwa chenyewe ni ukuta. Wengi hudanganyika na utulivu huu wakashiba biriani.

Meli ikienda maili 12 za bahari kwa saa, mnara wa taa wa Ras Nungwi hufika ubavuni mwake saa mbili na zaidi baada ya kung'oa nanga. Hapo ukuta unaisha, na bahari kuu inaingia moja kwa moja. Meli nayo inapinda, inaacha kwenda kaskazini na kuelekea kaskazini-mashariki, kuifuata Mkoani, bandari ya Pemba. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo mawimbi yanaipiga meli ubavu wa kulia na inalala huku na huku. Wakati wa kaskazi upepo unatoka mbele, nao unakutana na mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini. Maji yanayokwenda yakikutana na upepo unaokuja, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima. Basi omo, yaani mbele ya meli, inapanda na kuanguka, inapanda na kuanguka. Anayejua hili anachagua mahali. Kusi likivuma, kaa upande wa demani, yaani wa kushoto, uliokingwa. Kaskazi likivuma, achana na omo. Rudi katikati ya meli, kuelekea tezi, yaani nyuma.

Kuna jambo la moshi pia. Kabla ya Nungwi, wakati wa kusi, upepo unaweza kuifuata meli kwa nyuma kwa mwendo ule ule wa meli. Sitaha inakuwa kimya kabisa, joto linapanda, na moshi wa dohani unatuama juu ya vichwa vya watu. Mgeni hudhani injini ina kasoro. Sogea mbele tu, au ushuke sitaha moja.

Anayelevywa na bahari anywe dawa yake kabla meli haijaondoka. Ikishaanza kumtikisa amechelewa, ataitapika. Ale kidogo na kikavu, mkate wa mofa unatosha. Mchana huambiwa atazame upeo wa bahari, lakini usiku upeo haupo. Alale chali katikati ya meli, chini kadiri inavyoruhusiwa, afumbe macho. Chini kabisa, kwenye magari, hakuendwi meli ikiwa njiani: mizigo inaweza kuhama.

Kuanzia saa saba, wengi wameshalala au wameshika mifuko ya kutapikia, na meli inakuwa yako. Wamelala kila mahali, kwa hiyo zunguka, usimruke mtu. Toka nje, ufunge simu. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kioo cha simu kikimulika mara moja tu unaanza upya. Ukihitaji mwanga kwenye ngazi, funika tochi kwa kipande cha kanga nyekundu. Na usimulike kamwe kuelekea chumba cha usukani. Aliyeko huko naye anategemea giza lile lile.

Macho yakishakubali, shika reli na utazame maji pale yanapopasuliwa. Siku za giza, yale mapovu yanawaka rangi ya kijani hafifu, cheche zinajitokeza na kufa. Ni vijidudu vidogo mno vya baharini, vinatoa mwanga vikisumbuliwa. Mbele ya mwezi havionekani. Usiku huo huo wa giza ndio wa wavuvi wa dagaa, na taa zao hukaa mafungu mafungu kwa mbali kama kijiji. Mbaramwezi ikija hupumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwa umejaa.

Jifunze na taa za vyombo. Nyekundu iko ubavu wa kushoto wa meli, kijani wa kulia, nyeupe mlingotini. Ukiiona nyekundu peke yake, chombo kile kinapita kukuonyesha ubavu wake wa kushoto. Ukiziona zote mbili pamoja, kimekuelekea. Mtu anaweza kukaa saa nzima akisoma safari za wengine kwa rangi tatu tu, bila kumsemesha yeyote.

Saa kumi na moja kasoro upweke unakwisha. Watu wanaamka kutia udhu, foleni ya bombani inaanza, sakafu ya choo imelowa. Bora uwe umeshatangulia. Wa visiwani tunaita kaskazini kibla, na si bure, maana Makka iko karibu kaskazini kamili kwetu. Kutoka Malindi hadi Nungwi kibla iko mbele kwenye omo. Baada ya kona ya Nungwi inahamia kushoto, nusu ya njia kati ya omo na ubavu. Na meli ikiigeukia Mkoani, ikatazama mashariki, kibla iko kushoto kabisa. Anayeswali Alfajiri kwa kuielekea omo, kama alivyoswali Isha, amekosea.

Kisha umande, ule upepo wa alfajiri, unavuma kutoka nchi kavu, na harufu inatangulia taa: udongo uliolowa, moshi wa kuni, na msimu wake ukifika, karafuu. Kisiwa cha Makoongwe kinajitokeza cheusi mbele ya bandari. Rudi kwenye mkeka sasa, kabla ya watu kusimama na mizigo kichwani. Mkoba uko pale pale, umefunikwa na ncha ya kanga ya bibi, naye anauliza kama upepo ulikuwa mzuri.