Nyonga ya Shemeji

Shemeji yangu aliteleza bafuni kwake Mtwapa Jumatatu ya pili ya Februari 2024, na kufikia saa nne usiku picha ya eksirei ilikuwa imeonyesha kwamba shingo ya mfupa wa paja imekatika. Alikuwa na miaka 74. Zaidi ya miaka thelathini aliendesha basi Leicester, Uingereza, akastaafu na kurudi Pwani ya Kenya mwishoni mwa 2014 pamoja na dada yangu. Nami niliitwa hospitalini kwa sababu nimefanya uhasibu maisha yangu yote na ndugu zangu huniletea karatasi zao. Ninayoyaandika hapa ni ya wiki ile, hasa upande wa fedha, maana ndiko nilikoona mambo ambayo mstaafu aliyerudi nyumbani anaweza kuyapanga mapema akiwa mzima.

Mzee akivunjika nyonga hana muda wa kusubiri. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza unataka upasuaji ufanywe siku ile ile anayolazwa au siku inayofuata. Mgonjwa asiyeweza kukaa hujaa makohozi kifuani na kupata nimonia, hutoka vidonda mgongoni na matakoni, na damu huganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa hiyo fedha inayopatikana Ijumaa haimsaidii sana aliyevunjika Jumatatu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kweli hospitali ilimpokea, ikamtuliza maumivu, ikampiga picha na kumwekea maji kabla ya kuuliza shilingi. Lakini upasuaji wa kuweka kichwa cha chuma kwenye mfupa wa paja ni jambo la kupangwa, na hospitali ya binafsi hutaka depoziti kabla ya kuufanya. Tuliambiwa shilingi 200,000.

Kabla ya kulipa niliomba makadirio ya gharama kwa maandishi, yakiwa yamegawanywa mafungu matatu. Nawasihi wote wafanye hivyo. Fungu la kwanza ni la hospitali yenyewe: kitanda, chumba cha upasuaji, dawa, vipimo, vifaa vya kutumia na kutupa. La pili ni la daktari bingwa wa mifupa na daktari wa nusukaputi, ambao mara nyingi si waajiriwa wa hospitali na hutoza ada zao kando. La tatu ni chuma chenyewe, ambacho huletwa na muuzaji wa nje na bei yake hutofautiana sana kwa aina na nchi kilikotengenezwa. Ukiambiwa bei moja ya jumla, huwezi kujua ni wapi pa kuzungumza. Sisi tulipewa 390,000, 220,000 na 170,000, jumla 780,000. Kisha nikauliza kama wodi ya watu wanne ingebadilisha kitu. Jibu lilikuwa kwamba katika hospitali ile ada ya daktari nayo hupanda kwa mgonjwa wa chumba cha peke yake. Dada akachagua wodi.

Sasa, fedha za shemeji zilikuwa wapi? Akaunti ya kawaida ya hapa nchini, ambayo dada pia aliruhusiwa kuweka saini peke yake, ilikuwa na zaidi kidogo ya laki mbili. Akaunti ya muda maalum ilikuwa na 300,000, ikiiva Aprili. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zilikuwa pauni katika benki ya Uingereza.

Depoziti ililipwa usiku ule ule kutoka akaunti ya kawaida. Ni kwa sababu moja tu: dada hakuhitaji saini ya mtu aliyelala kwa dawa za maumivu. Akaunti ya pamoja inayotaka saini zote mbili isingetusaidia. Ukienda benki kufungua, soma vizuri fomu inaposema nani anaruhusiwa kutoa. Neno unalotafuta ni kwamba yeyote kati ya wawili anatosha. Alipasuliwa Jumatano asubuhi.

Pauni ndizo zilizotusumbua. Benki yake ilituma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kila alipotaka kuhamisha kiasi kikubwa, na ilituma kwenye laini ya Uingereza. Laini za malipo ya kabla za kule hufungwa zikikaa miezi kadhaa bila kutumika, na hiyo yake ilikuwa kwenye simu ya zamani ndani ya droo. Ilikuwa imefungwa. Kubadilisha namba kulihitaji apige simu mwenyewe, ajibu maswali ya utambulisho, kisha asubiri barua. Mtu aliyetoka kupasuliwa jana, kichwa bado kizito kwa dawa, atakosea tarehe na jina la mtaa wa zamani, na benki ikishuku udanganyifu huifunga akaunti nzima. Nilimwambia dada tusijaribu hadi atulie.

Wiki hiyo hiyo shilingi ilipanda. Serikali ilikuwa imetangaza kuinunua mapema sehemu ya deni lake la Eurobond, mkopo wa dola kutoka soko la nje, lililokuwa liive Juni 2024, na hofu iliyokuwa imeishusha shilingi miezi mingi ikapungua ghafla. Dola iliyokuwa karibu 160 ilishuka hadi kama 145 katika siku chache. Pauni iliyokuwa juu ya 200 tulipoingia hospitalini ilikuwa karibu 185 wiki iliyofuata. Bili ya hospitali iko kwa shilingi na haijali pauni yako imeamkaje. Mwenye pensheni ya nje hufurahia shilingi inaposhuka, na nimewaona wengi wakiacha kila kitu kwa pauni wakingoja shilingi ishuke zaidi. Kwa akiba ya muda mrefu wanaweza kuwa sahihi. Kwa fedha za hospitali si sahihi hata kidogo.

Mpwa wangu alipiga simu kutoka Leicester. Alikuwa na uchungu, na nilimwelewa.

"Mjomba, mleteni Baba huku. Amelipa kodi miaka yote hiyo, watamtibu bure."

Nilimweleza taratibu. Haki ya matibabu ya bure katika hospitali za NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, haifuati uraia, pasipoti wala kodi uliyowahi kulipa. Inafuata mahali unapoishi kwa kawaida. Aliyehama moja kwa moja hupoteza haki hiyo, na akija kama mgeni, idara ya dharura itampokea bila malipo, lakini akilazwa atatozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS hujilipa yenyewe. Anayerudi kuishi kwa kweli hupata haki tangu siku ya kwanza, ila awe anahamia kwa kweli: nyumba, mizigo, nia ya kukaa. Tena mgonjwa wa machela kwenye ndege huchukua nafasi ya viti kadhaa, huhitaji muuguzi wa kumsindikiza, na shirika la ndege hutaka fomu ya daktari kabla ya kumkubali. Hayo yote ndani ya siku mbili, mfupa ukiwa umekatika! Mpwa alinyamaza, kisha akauliza atume kiasi gani. Nikamwomba afanye jambo jingine, nitalieleza mbele.

Dada naye aliuliza kuhusu uanachama wa ndege za wagonjwa za AMREF, aliokuwa ameulipia. Ni kitu kizuri kwa anayeishi mbali na daktari bingwa, lakini hulipia kusafirishwa, si kitanda unachofikishwa. Daktari alikuwepo Mombasa, basi haukuhusika. Bima ya kimataifa hawakuwa nayo: ukiomba baada ya miaka 65 milango mingi hufungwa, na iliyo wazi huacha nje magonjwa uliyokuja nayo au huyasubirisha, mara nyingi miaka miwili. Walichokuwa nacho ni NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, shilingi 500 kwa mwezi, ambayo dada hakuwahi kuchelewesha. Hata aliyebaki na uraia wa Uingereza peke yake, kama ni mkazi halali, asidharau mfuko wa taifa kwa sababu ni mdogo. Unakata sehemu ya kitanda na sehemu ya upasuaji, na hauulizi una umri gani.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa niliomba bili ya muda, yenye kila kitu mstari kwa mstari. Iombe mapema, kwa sababu siku ya kutoka mgonjwa ameshavaa, gari linasubiri, na hakuna mwenye moyo wa kubishana. Ilisoma 846,300. Tulikaa na dada na faili la wodi, tukalinganisha. Kwanza tuliangalia dawa: zilizoandikwa na daktari, zilizotolewa na famasi, na zile muuguzi alizoweka saini kwamba mgonjwa amepewa. Dawa iliyobadilishwa na kurudishwa famasi inapaswa kuondolewa, na mara nyingi husahaulika. Kisha fiziotherapia: siku mbili ziliandikwa mara mbili, kwenye wodi na kwenye idara. Kisha chuma: kila kiungo bandia huja na vibandiko vyenye namba zake, na kimoja hubandikwa kwenye faili, tulihakikisha kilicholipiwa ndicho kilichowekwa. Mwisho kitanda, ambacho huhesabiwa usiku wa manane, na kulikuwa na usiku mmoja wa ziada. Mhasibu wa hospitali alikuwa mstaarabu, akarekebisha kila tulipomwonyesha karatasi. Ziliondoka 38,400. NHIF ikalipa 112,000. Ikabaki 695,900.

Depoziti ilikuwa 200,000. Akaunti ya muda maalum tuliivunja: ofisa wa benki alikubali barua iliyosainiwa na shemeji kitandani pamoja na nakala ya kitambulisho, riba ikapotea lakini mtaji ukatoka wote. Hiyo ni 300,000, tukaituma kwa Pesalink, njia ya kutuma fedha kutoka benki moja hadi nyingine, ambayo hupitisha hadi 999,999 kwa mara moja; M-Pesa isingebeba zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja. Zikabaki 195,900, nazo zilitoka kwenye pauni, baada ya shemeji kupata nguvu ya kuzungumza na benki yake. Kwa bei ya Jumatatu aliyoanguka zingekuwa kama pauni 980. Tulitumia karibu 1,059. Tofauti hiyo inazidi theluthi mbili ya pensheni yake ya wiki nzima.

Hapo lazima niiseme pensheni yenyewe, kwa sababu inaniuma. Anayestaafia Kenya au Tanzania hulipwa pensheni ya serikali ya Uingereza kwa kiwango kile kile alichoondoka nacho. Haiongezwi. Afrika yote, Mauritius ni miongoni mwa nchi chache mno zenye makubaliano ya kuongezewa. Shemeji aliondoka na pauni 113.10 kwa wiki mwaka 2014, na mwaka 2024 alikuwa bado anapata 113.10. Mwenzake aliyestaafu naye siku ile ile na kubaki Leicester alikuwa anapata 156.20, ikapanda hadi 169.50 Aprili hiyo. Michango waliyolipa ni ileile. Pensheni yake ndogo ya kampuni ya mabasi yenyewe huongezwa kila mwaka, kwani kugandishwa kunahusu ya serikali tu. Kwa hiyo bajeti ya aliyerudi haiwezi kuandikwa mara moja. Kila mwaka dawa zinapanda na ile fedha imesimama.

Alipoweza kuketi tulipanga upya. Laki mbili zikarudishwa kwenye akaunti ambayo dada anaweza kutoa peke yake. Laki sita kwenye mfuko wa uwekezaji wa soko la fedha, ambao hutoa fedha ndani ya siku mbili tatu za kazi na hukatwa asilimia 15 ya faida. Wiki ile ya kuanguka serikali ilikuwa inauza hatifungani ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi, na yeye alikuwa amepania kuweka humo kila shilingi. Ni uwekezaji mzuri, ila ulikuwa wa miaka minane na nusu. Ukitaka kuuza kabla, unauza kwa bei ya siku hiyo. Tulikubaliana unafaa fedha zilizo juu ya zile laki nane, si zile zenyewe. Pauni anabadilisha kila robo mwaka, kidogo kidogo.

Na lile nililomwomba mpwa: aanzishe hati ya kudumu ya kumpa mamlaka juu ya fedha za baba yake kule Uingereza. Lazima mwenye mali aisaini akili ikiwa timamu, mtu huru athibitishe kwamba hajalazimishwa, kisha isajiliwe. Ada ilikuwa pauni 82, na usajili huchukua wiki nyingi. Bila hati hiyo, siku kumbukumbu zitakapompotea, pauni zitakaa pale pale zikihitaji amri ya mahakama. Laini nayo ilibadilishwa, na sasa shemeji hutuma ujumbe mmoja kila mwezi ili isifungwe.

Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaja SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Asiye na mshahara hulipa asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa kwa maswali kuhusu kaya yake, isipungue 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima kwa pamoja. Dada alijisajili upya wiki za mwanzo.

Jambo la mwisho lilitokea wodini bado. Katika bahasha za faili lake kulikuwa na barua kutoka kituo cha pensheni cha Uingereza, ya kuthibitisha kwamba yu hai. Isiporudishwa ndani ya wiki 16, malipo husimamishwa. Shahidi asiwe ndugu, na lazima amwone mstaafu kwa macho yake. Daktari wa zamu alimsalimia, akasoma fomu yote, akaweka saini na mhuri, nami nikaipeleka posta mchana ule ule kwa barua ya rejista.