Shingo Iliyopinda na Maneno Ambayo Hatukumwambia Mama Yake

Naendelea na masomo ya uuguzi wa afya ya akili, na miezi hii nipo katika mafunzo kwa vitendo kwenye wodi ya hospitali moja ya hapa mkoani Tabora. Darasani tulikaa wiki nyingi na dalili za magonjwa, lakini maudhi ya dawa, yaani madhara yasiyokusudiwa, tuliyapita kwa kipindi kimoja, nayo tukayakariri kwa ajili ya mtihani. Namna ya kumweleza mama wa mgonjwa maudhi hayo hatukufundishwa kabisa, na ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo tunapowapoteza wagonjwa wengi.

Kijana mmoja aliletwa siku ya Jumatatu kutoka kijijini, wilaya ya Sikonge, akiwa amefungwa mikono kwa kamba nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.) Alikuwa hajalala kwa siku nne, kwa kuwa alisikia watu wakimtukana kutoka ndani ya bani la familia, yaani banda la kukaushia tumbaku, ambamo hapakuwa na mtu. Tulimfungua kamba, akaandikiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti za namna hiyo, na mimi ndiye niliyempa vidonge asubuhi na jioni, nikimkagua chini ya ulimi kuhakikisha amemeza. Kufikia Jumatano mchana alikuwa anaitikia salamu na anakula ugali kwa mkono wake mwenyewe, na mama yake, aliyekuwa analala kwenye mkeka kando ya kitanda, alicheka kwa mara ya kwanza.

Jioni ile shingo ya kijana ilipinda kuelekea bega la kushoto na kukaza kama mti. Macho yakapanda juu hadi ukabaki weupe mtupu, ulimi ukasukumwa nje, mate yakamtiririka kifuani. Mama yake alipiga yowe akisema, "Limemrudia! Limemrudia!" Mjomba hakupiga yowe, alianza kukunja blanketi na kutia sahani kwenye beseni, kwa sababu kwake jambo lilikwisha kujieleza: hospitali imeshindwa, na usiku huo huo wangempeleka kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji.

Muuguzi wa zamu, mwenye uzoefu mkubwa kunizidi, hakubishana na yeyote. Alimchoma kijana sindano ya promethazini, dawa ya kulegeza mkazo kama ule, akaniambia nikae kitandani nimshike kichwa na nizungumze naye kwa utulivu, kwani mgonjwa katika hali ile anasikia kila kitu na anaogopa kuliko sisi sote. Nilihisi misuli ya shingo chini ya kiganja changu ikiwa migumu, kisha ikaanza kutetemeka, kisha ikalegea kidogo kidogo. Kabla ya nusu saa kwisha ulimi ulirudi mahali pake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, maji."

Haloperidoli si dawa ya jana. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na kwa njia hiyo hupunguza zile sauti, lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuratibu mwendo wa misuli, kwa hiyo dawa inapotuliza upande mmoja inaweza kuvuruga upande wa pili. Mkazo wa shingo, macho au taya hutokea zaidi kwa vijana wa kiume, na mara nyingi katika siku chache za mwanzo. Mgonjwa wetu alikuwa kijana wa kiume katika siku ya tatu. Nilikuwa nayajua hayo yote, na kwa siku tatu nilikuwa nimemwambia mama yake, "Anaendelea vizuri," basi.

Udhi lingine ni gumu zaidi kulitambua, nalo ni miguu kukosa utulivu. Mgonjwa hutembea huku na huko, hukaa na kusimama, na ndugu husema ugonjwa umepanda. Hata muuguzi anaweza kudhani hivyo, dozi ikaongezwa, na mgonjwa akazidi kuteseka kwa dawa ile ile. Siku hizi namuuliza mgonjwa mwenyewe: "Unatembea kwa kuwa sauti zinakuamuru, au miguu yenyewe inakataa kutulia?" Wengi hujibu bila kusita, kana kwamba walikuwa wanasubiri kuulizwa.

Usiku ule niliketi mkekani na yule mama. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza kwa maneno ambayo sasa nayarudia kwa kila familia kabla ya kidonge cha kwanza: "Mama, dawa hii hutuliza zile sauti, lakini siku za mwanzo inaweza kukaza shingo, macho au ulimi. Ikitokea, dawa ndiyo iliyofanya hivyo, na tunayo dawa nyingine ya kuondoa mkazo huo. Mleteni haraka, na msimwachishe dawa wenyewe." Aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia mapema, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kijana aliruhusiwa kwa dozi ndogo zaidi pamoja na vidonge vya Artane vya kuzuia mkazo, na wiki mbili baadaye walirudi kliniki, safari hii mikono yake ikiwa huru na yeye ndiye aliyebeba mfuko. Mama alinieleza kwamba kule nyumbani mjomba hakuridhika mpaka wakaenda kwa mfumu, wakatoa kuku wawili, nami sikumlaumu, kwa kuwa kijana hakukosa kidonge hata siku moja. Alifungua fundo la pindo la khanga yake, akanionyesha vidonge vilivyobaki, akavihesabu mbele yangu kimoja kimoja, kisha akaniomba nimwandikie tarehe ya kurudi kwa tarakimu kubwa, kwa kuwa msimu wa kuchuma tumbaku umeanza na hataki siku hiyo impite akiwa shambani.