Kikoa cha PH hakishiki kila lipidi

Kikoa cha PH, sehemu ya protini inayojikunja peke yake, kina takriban asidi amino 120 tu, lakini kile cha kimeng'enya PLCδ1 huitambua PI(4,5)P2, lipidi ya utando wa seli, kwa umakini wa kupendeza: laisini na ajinini zenye chaji chanya hujipanga mfukoni na kuzikamata fosfeti za nafasi ya 4 na ya 5 kwenye pete ya inositoli. Jina hili la PH lisitudanganye, maana vikoa vingi vya PH hushika lipidi hizi kwa unyonge, bila kuchagua. FYVE, kikoa cha aina nyingine, hubeba ayoni mbili za zinki na kushika PI3P, lipidi yenye fosfeti nafasi ya 3, kwenye endosomu, vifuko vya ndani ya seli. Vikoa vingi vya C2, aina nyingine tena, husubiri kalsiamu ndipo vishike utando.

Ukipima ushikaji huu kwa liposomu, yaani viputo vidogo vya lipidi, kausha lipidi kwa naitrojeni, ziloweke kwenye bafa, ongeza protini, kisha zungusha kwa 100,000 g. Protini ikishuka chini, huenda imeshika utando, au imegandamana yenyewe tu. Kwa hiyo mrija wa protini bila liposomu hauepukiki. Tena, PI(4,5)P2 haiyeyuki vizuri kwenye klorofomu pekee. Bila methanoli na maji kidogo, lipidi hubaki chupani, nawe utadhani kikoa ndicho kibovu.