Mafua yaliyofika hadi kwenye ubongo
Februari 2025, hapa Minnesota tunakoishi, binti yetu wa miaka mitano alishikwa na homa ya mafua siku ya Jumanne, nami nikamhudumia kama mama alivyonihudumia Tanga: uji mwepesi, kitambaa cha maji ya uvuguvugu na dawa ya kushusha homa. Alhamisi alfajiri aliniita kwa jina la shangazi yake, akanikodolea macho kana kwamba hanijui, kisha degedege likamwanza.

Picha ya MRI ilionyesha madoa yanayolingana, kulia na kushoto, katika thalamasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo. Daktari alitueleza kwamba mara nyingi kirusi chenyewe hakionekani katika maji ya uti wa mgongo. Kinachodhuru ni kinga ya mwili, ambayo humwaga saitokini, yaani kemikali zinazochochea uvimbe, kupita kiasi hadi mishipa midogo ya damu ubongoni ikaanza kuvuja. Maradhi haya, yaitwayo kwa Kiingereza acute necrotizing encephalopathy (ANE), ambayo daktari Mizuguchi na wenzake wa Japani waliyaeleza mwaka 1995, ni nadra, na katika baadhi ya familia huambatana na hitilafu ya jeni iitwayo RANBP2. Binti yetu alianzishiwa steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, kwa njia ya mshipa siku hiyohiyo.

Chanjo yake ya mafua niliiahirisha mwezi Oktoba kwa sababu ya zamu za kazi, na sina wa kumsingizia. Sasa anatembea, ingawa mguu wa kushoto bado anauburuta, na kijiko amekihamishia mkono wa kulia.